Usikisugue Chombo cha Fedha

Mjukuu wangu Zuhura,

Usicheke kuitwa mjukuu na mtu aliyekupita miaka michache. Kwa ukoo mimi ni bibi yako. Huku mtaani Gerezani tunaendelea vizuri, mwanangu kaanza kutambaa.

Umeuliza kama ukisugue kile chombo cha maua cha fedha ulichonunua, maana kimeingia weusi. Usikiguse.

Nilipokuwa dada wa kazi Upanga, mama mwenye nyumba alikuwa anakusanya vyombo kama hivyo vya zamani, kabati zima. Siku moja nikataka kumfurahisha. Nikachukua kile kikubwa, nikakisugua kwa majivu kama sufuria za kwetu, kikang'aa hadi nikauona uso wangu. Yeye akakigeuza kitako.

"Mihuri ya fundi iko wapi? Wewe msichana, nani kakutuma?"

"Nilidhani uchafu, mama."

Kumbe thamani yote ilikuwa kwenye ile mihuri midogo iliyogongwa kitakoni, nami nimeisugua mpaka ikafutika. Nikafukuzwa siku ileile, yaliyofuata tuyaache.

Najua ningeuliza kwanza. Lakini mle ndani nilikuwa natumwa tu, sisemeshwi. Miaka miwili, na mpaka natoka mlangoni hakulijua jina langu.

Wewe uliza tu, mjukuu wangu. Hata mara kumi nitakujibu.

Bibi yako mdogo,
Mwanaidi