Maziwa ya Mama Lila

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mteja mpya leo wa kumhudumia nyumbani kwake, Rayners Lane, London. Mama Lila, miaka themanini na moja, Mtamil mzaliwa wa Tanga. Nilikuwa nimejiandaa na Kiingereza changu cha kuokoteza. Nafungua mlango, nasikia: "Karibu mwanangu, vua viatu." Nusura nilie! Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu cha Bukavu, ananisahihisha kila sentensi. Ila jina Léocadie limemshinda. Ananiita Leo.

Nusu saa tu nimepewa: matone ya macho, vidonge, uji, glasi ya maziwa ya moto. Macho yake ni mabovu, pua karibu inagusa kioo cha TV. Anatazama filamu ya Kitamil, nyeusi na nyeupe, kubwa kuliko mimi kwa umri. Mjane tajiri, mashamba ya kahawa mlimani. Kila siku anadhoofika. Kuna mtu anamtilia sumu. Nani? Nusu saa ikaisha!

Jumanne, 4 Machi
Kumbe filamu imetoka kwenye riwaya. Zamani ilikuwa inachapwa kila wiki kwenye gazeti moja la Madras. Shangazi yake alikuwa akikata kurasa na kumtumia Tanga kwa posta. Yeye binti wa miaka kumi na mitano anawasomea majirani kibarazani. Anasema hata tarishi akileta bahasha alikuwa hatoki mpaka ajue kilichotokea.

Ananitafsiria kila neno, isipokuwa nyimbo. "Hapo wanapendana tu, kunywa chai."

Washukiwa watatu: mpwa wa mjane, daktari, nesi. Mimi nasema mpwa. Mwanamume anayechana masharubu kabla ya kumjulia hali mgonjwa!

Nimezidisha dakika kumi na mbili. Nimelikimbilia basi kama mwizi.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu Fortunat anasema ni daktari. Hajaona hata picha moja ya filamu hiyo. Ana hakika kabisa.

Leo — makubwa! Nesi ndiye anayempelekea mjane maziwa. Wanaifuata glasi ngazi kwa ngazi, muziki unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na mimi ndiyo kwanza naingia sebuleni na glasi yangu. Mama Lila akaitazama glasi. Akanitazama mimi.

"Leo, mwanangu, sema kweli. Umenitilia nini humu?"

"Sumu, Mama. Kidogo kidogo, watu wasishtuke."

"Basi onja wewe kwanza."

Nikaonja. Nikaanguka kwenye kochi, ulimi nje. Alicheka mpaka meno ya bandia yakatumbukia kwenye uji. Sijacheka hivi tangu nifike nchi hii.

Alhamisi, 6 Machi
"Nesi mbaya, rudisha jikoni!" akasema Mama Lila. Nikamtikisia kidole: "Utakunywa tu, mjane." Akanywa yote, akajipangusa mdomo. Bado simwamini mpwa.

Ijumaa, 7 Machi
Simu ya saa mbili asubuhi, niko kwenye basi. Rupa, meneja wetu. Usiende Rayners Lane. Sauti baridi kama friji.

Mtoto wa Mama Lila, Bwana Samson, daktari wa meno wa Stanmore, aliweka kamera kwenye rafu ya sebuleni. Nilidhani ni saa! Nimeifuta vumbi siku nne! Ameona mama yake anakataa maziwa, nesi mweusi — yaani mimi — anacheka na kutaja sumu. TV haionekani kwenye picha. Kiswahili anakisikia vizuri, Bwana Samson. Hasa hilo neno moja.

Nimeshuka kituo nisichokijua, nimekaa tu. Hili likiingia kwenye faili langu, London nzima hakuna atakayeniachia mgonjwa tena. Miaka tisa naogesha wazee wa watu. Sijamkwaruza hata mmoja.

Jumatatu, 10 Machi
Niko nyumbani. Mwenzangu wa kazini, Chancelle, amepewa nafasi yangu. Nimempigia — akasema haruhusiwi kunipa habari za mteja. Sawa. Nikamwambia sitaki za mteja, nataka za filamu. Eti kuna bibi kaanguka ngazini, halafu wakaimba. Nani kamsukuma? Hakuona, alikuwa anakunja mashuka. Mon Dieu! Watu wengine wanapoteza macho bure.

Kisha mwenyewe akashindwa kunyamaza. Mama Lila haongei, hali, maziwa hataki hata kuyaona. Kila asubuhi anauliza swali moja tu: "Leo yuko wapi?" Chancelle anamjibu: "Leo ni Jumatatu, Mama."

Nimecheka. Halafu nimeingia bafuni nikafungua maji, Fortunat asinisikie.

Jumatano, 12 Machi
Barua imekuja. Kikao Ijumaa, naruhusiwa mtu mmoja wa kunisindikiza. Fortunat amepiga pasi suti yake ya kanisani. Yuko tayari kujibu maswali yote. Nimemwomba asitaje daktari.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika hapa hapa ofisini, kwa kalamu yao.

Tuliingia saa nne asubuhi. Rupa, Bwana Samson, bahasha ya uamuzi katikati ya meza. Kabla sijakaa, mlango ukafunguka. Mama Lila! Sari ya kijani, koti la mvua juu yake, DVD kwenye mfuko wa nailoni. Samson alikuwa amemkataza kuja. Amechukua teksi.

"Mmetazama kipande changu," akasema, "sasa mtatazama chote."

Rupa akampa dakika tano. Wakaleta laptop kuukuu, ndiyo pekee inayokubali DVD. Mama Lila akawa anatafsiri kwa Kiswahili, Samson anamgeuzia Rupa kwa Kiingereza, masikio mekundu. Glasi ilipoanza kupanda ngazi, Samson akaacha kutafsiri. Akaniangalia. "Mlikuwa mnaigiza," akasema taratibu. Mama yake akamwambia atazame mbele.

Dakika tano zikawa hamsini! Rupa amezima simu yake. Karani alichungulia kusema watu wa kikao kingine wamefika, akaambiwa wasubiri. Fortunat anauliza kila baada ya wimbo kama daktari amekamatwa. Samson ameapa ni mpwa, masharubu yale si ya mtu mwema. "Ndicho nilichosema mimi!" nikapiga kelele — akacheka, kisha akainamisha macho kama mtoto aliyevunja kikombe.

Na hapo hapo, nesi anavua glavu, anafungua droo — laptop ikazimika. Betri! Rupa ametoka mbio kutafuta chaja. Samson kamfuata. Bahasha bado imefungwa, Rupa ameweka kikombe cha chai juu yake.

Sasa hivi Mama Lila amenivuta mkono. Ananinong'oneza:

"Leo, mwanangu. Kwenye kitabu, muuaji ni nesi."

Nimeitazama ile bahasha. Nimemuuliza, na kwenye filamu?

"Filamu walibadilisha mwisho."

Wakamweka nani?

Anafikiri. Bado anafikiri. Anasema DVD bado hajaifikisha mwisho; alipoiona sinema alikuwa na miaka ishirini, na jamaa aliyekaa naye alikuwa mzuri sana wa sura.

Nasikia viatu vya Rupa kwenye korido, anakimbia. Anapaza sauti: ameipata chaja.