Mistari Myekundu Siku ya Ubatizo Wako

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Bagara tu wazima, tunamshukuru Mungu. Tangu nisikie umeshika kamera kama mimi, natembea kifua mbele.

Unasema lenzi inakwenda na kurudi gizani bila kupata fokasi. Yangu ilifanya hivyo kwenye ubatizo wako. Umeme ulikatika kanisani, na ubatizo haurudiwi. Nikachomeka flashi juu ya kamera, nikabonyeza kitufe cha kupigia nusu tu. Mistari myekundu ya mwanga ikatoka kwenye flashi kuisaidia lenzi kuona, ikatua kwenye kitambaa chako cheupe.

"Mama Daudi, unamchoma mtoto!" mama mmoja akafoka.

"Simchomi, kamera inamtafuta!"

Ikakupata. Nikabonyeza yote.

Picha iko ukutani, maji ya ubatizo bado yako hewani juu ya kichwa chako. Wageni nawaambia: nilipiga mimi.

Bibi yako anayekuombea