Jiwe la Johanna Corvell

Corvellstown,
Wexford, Ayalandi.
Jumanne, 15 Septemba 2009.

Mpendwa Babu Eduardo,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka upande huu wa maji. Goti lako linaendeleaje? Na Bibi Elvira, anaona vizuri tangu alipopasuliwa jicho? Namwombea kila Jumapili, hata zile ambazo nasinzia kanisani.

Huku hatujambo, tatizo ni usingizi tu. Nuala ana wiki kumi na mbili na tumbo linamsumbua. Ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kulia, na hanyamazi mpaka sote tumekwisha. Mama Breda, mama yake mume wangu Cathal, yuko nasi tangu avunjike nyonga. Kwa hiyo nafua, nanyonyesha, namsaidia Mama kwenda bafuni, nafua tena. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono mmoja.

Babu, barua yako ya Juni niliisoma mara nne. Ulisema katika tawi letu la ukoo jina la Corvell linakwisha, kwa kuwa wewe hukujaliwa watoto na baba yangu alinizaa mimi peke yangu. Ukaniomba, mtoto akiwa wa kiume nimpe jina letu badala ya Kavanagh, jina la mume wangu. Akiwa wa kike, ukaandika, "basi, mti umeishia hapo." Nilikuwa kitandani na binti yangu kifuani nilipofika kwenye maneno hayo. Yaliniuma, na sitakuficha.

Hata hivyo niliyataja mezani. Mama Breda aliweka kijiko chini.

"Haya, Wanormani! Miaka mia nane iliyopita mlitunyang'anya mashamba, leo mmerudi kuchukua mjukuu wangu?"

"Mama, mashamba yenyewe na sisi tulikuja kunyang'anywa."

"Ndio mkome!" Akacheka mpaka akashika nyonga.

Cathal ndiyo kwanza alikuwa ameingia. Anaendesha lori la maziwa, anatoka alfajiri. Alisema, "Mimi, mtoto akilala saa mbili mfululizo, mwiteni Corvell, mwiteni Trekta, nitatia sahihi." Unaona nyumba niliyoolewa.

Sasa ile kazi nyingine uliyonipa. Mti wako wa ukoo nimeubandika jikoni. Juu kabisa ameketi Raoul, aliyetoka kijiji cha Corval kule Normandi, akakaa Wales, kisha akashuka hapa pwani mwaka 1169 na upanga wake. Chini yake baba na mwana, baba na mwana, wengine mpaka Newfoundland, mpaka umfikie Johanna, mama yake babu yako Matthew aliyehamia Argentina. Pembeni ya Johanna kuna kisanduku kitupu cha mumewe, tuliyedhani naye ni Corvell kwa kuwa watoto wana jina hilo. Umemtafuta mwanamume huyo miaka ishirini, ili umwandike kabla ya mkutano wa kina Corvell hapo kwenu Novemba.

Mwezi wa nane tulikwenda kusafisha makaburi, kama kila mwaka kabla ya Jumapili ya kubariki makaburi. Nilikuwa nasugua kuvu kwenye jiwe la Johanna huku nasukuma kigari cha mtoto kwa mguu. Kwa kuchoka nikakaa chini, nikawa nasoma tu mawe ya jirani. Unajua desturi ya wachonga mawe wa zamani wa hapa: mwanamke aliyeolewa wanamwandika kwa jina la mumewe, halafu jina la kwao. Yote pale yako hivyo. La Johanna lina jina moja, Corvell. Miaka yote tulidhani mchongaji alisahau. Nikajiuliza, na kama hakusahau?

Wiki iliyofuata karani wa parokia alinifungulia daftari la ubatizo. Februari 1847, mwaka wa njaa kuu ya viazi. Mapacha wawili, Matthew na Laurence. Mama, Johanna Corvell, mkamuaji wa ng'ombe, miaka kumi na tisa. Mahali pa baba padri amepiga mstari. Msimamizi wa ubatizo ni mkunga.

Matthew ndiye babu yako. Laurence ndiye babu wa babu yangu.

Kwa hiyo, Babu, hakuna mume wa kutafuta. Johanna alizaliwa Corvell na akafa Corvell. Alikuwa anakamua ng'ombe wa mwenye shamba chini ya ule mnara wa hapa kwetu uliojengwa na hao mababu zako wenye panga, na hapakuwa na chake hata jiwe moja. Jina tu ndilo alikuwa nalo, akawagawia wanawe wote wawili.

Nilimsomea Mama Breda nilichonakili. Alikuwa amempakata Nuala.

"Kumi na tisa," akasema. "Mapacha. Mwaka ule."

"Ndiyo, Mama."

"Na hakuna aliyempa jina lake?"

"Hakuna."

Akamgeuza mtoto begani, akampigapiga mgongo. "Basi, lake lilitosha." Baadaye kidogo akaongeza, "Ila nywele hizi ni za Kavanagh. Mwandikie mzee wako ajue."

Ngoja, analia.

Ijumaa. Barua imelala siku tatu juu ya jokofu. Leo asubuhi tulikwenda kumwandikisha Nuala kwenye ofisi ya vizazi, kwa kuwa miezi mitatu ya sheria inatimia wiki ijayo. Lazima wazazi wote wawili wakubaliane, na nilikuwa na wasiwasi kwamba ule mzaha wa Cathal ungebaki mzaha. Karani aliuliza, "Corvell ni la nani?" Kabla sijafungua mdomo Cathal akajibu, "La mama yake." Akatia sahihi, akarudi kwenye lori.

Ni Nuala Corvell, Babu. Sikufanya hivyo kwa ajili ya yule mwenye upanga.

Najua wageni wako wa Novemba watauliza. Ukiona aibu, waambie ni mimi niliyefukua haya. Lakini sitakutafutia mwanamume wa kubuni, na ukimfuta Johanna, utufute na sisi. Nakupenda mno, siwezi kukuambia vinginevyo. Kile kisanduku kitupu kiondoe, wala usiweke alama ya kuuliza. Mwandike Johanna peke yake, na kutoka kwake vuta mistari miwili: mmoja uje mpaka kwako, mwingine mpaka kwa Nuala. Kisha nitumie nakala mpya, hii ya jikoni imeshamwagikiwa uji.

Nisalimie Bibi Elvira, binamu Graciela na wote walioko shambani. Cathal anakusalimu, na Mama Breda pia, kwa namna yake. Mungu akupe nguvu ya goti na usingizi mwingi kuliko wangu.

Wako akupendaye, mwenye jina lako,
Róisín Corvell