Faili ya Bernard

Alhamisi, mvua imekatika.

Imekatika saa ile nilikuwa natoka ku kazi. Nikatembea mupaka hapa nyumbani, Kampemba, viatu mukononi, nikicheka peke yangu mu matope. Batu balinitazama. Batazame! Leo niko mutu mwenye amepona.

Niandike yote sasa, juu kesho nitaanza kujisifu na kweli itapotea.

Mu chumba ya mashini ya kompani tuko na programu moja, tunaiita Mufagizi. Kila siku kazi ikiisha anaamka yeye mwenyewe, anapita mu madiski. Faili ziko na mwenyewe anazipanga vizuri. Faili haina mwenyewe, na hakuna mutu aliifungua juma mbili, anaitupa. Mimi ninasoma tu karatasi anaacha, kama mama wa nyumba anapitisha kidole juu ya meza kiisha boyi kufagia.

Juma hii Mufagizi aligoma. Kila mara anafika ku faili moja, anaandika *accès refusé*, ni kusema ruhusa hakuna, na anasimama pale pale. Mwenyewe wa faili: BERNARD. Bernard gani sasa? Tangu ile amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu, ku kazi hakuna Bernard, hakuna Joseph, sisi wote ni citoyen, ni kusema mwananchi fulani. Majina ya zamani yalishafutwa hata mu mashini.

Na diski ikajaa mupaka juu. Kesho njo tunachapisha tiketi za posho za bafanyakazi. Bila nafasi, tiketi hazitoke. Bila tiketi, unga haitoke, na mimi njo watanitafuta.

Asubui ya leo mukubwa wetu, citoyen Mulumba, aliingia na jasho ku uso. "Pa ile programu ruhusa ya yote! Ni programu tu, itaiba nini?"

Niliona ni akili. Zaidi ya ile, nilifurahi. Faili moja inanichokoza tangu kazi moja, ni kusema Jumatatu, sasa nitaivunja shingo. Nikakaa, nikaandika amri yote, ikabaki kubonyeza tu.

Saa sita ikalia. Na mimi, kubonyeza kintu na njaa, hapana.

Njaa njo iliniokoa. Asinisifu mutu kwa kintu ingine.

Nikarudi nyumbani kula. Mama alikuwa amepika bukari, ugali yetu, na mboga ya lenga-lenga. Sijaweka hata tonge ya pili mu kinywa, bibi ya jirani akaita bwana yake nyuma ya ukuta kama kila siku: "Bernard! Bukari inapoa!"

Eh, Mungu wangu.

Bernard ni Papa Kalonji, jirani yetu. Ku kazi ni citoyen Kalonji, na mu barabara yetu yote batu balizoea kelele ya bibi yake, hakuna mwenye anaisikia tena. Zamani alikuwa naye mu chumba ya mashini, kiisha balimupeleka ku depo ya posho. Wakati sisi wengine tulikuwa tunahamisha faili zetu ku majina mapya, yeye hakukuwa tena pale. Hakuna aliyemukumbuka.

Nikaenda ku ukuta, nikamuuliza Papa Kalonji polepole kama aliacha faili mu diski. Alitazama nyuma yake kwanza.

"Njo ile ya bajane," akasema. "Posho ya bamama balifiwa na bwana zabo. Munaifungua mwisho wa mwezi tu. Munataka kuifanya nini?"

Nyuma yangu Mama alikuwa anakwangua sufuria. Baba aliacha mapafu yake ku fonderi, pale banayeyusha madini, na tangu alikufa Mama anakula posho ya bajane. Jina yake iko mule. Jina Bernard ilishafutwa, ni faili haina mwenyewe, na hakuna mutu aliifungua juma mbili. Mufagizi angeitupa leo leo, kwa ruhusa ya mukono yangu. Nakala ku bande, ule mukanda wa akiba? Hakuna, usiniulize mambo ya kunitia haya.

Nikarudi mbio ku kazi.

Nikafuta ile amri. Nikapa faili mwenyewe wake, KALONJI. Mufagizi nikamupa ruhusa ya kuipanga, ya kuitupa hapana. Kiisha nikaandika sheria mupya: pahali banamukatalia, asisimame na asivunje. Apite, aendelee na kazi, aandike jina ya mwenyewe ku karatasi, na mutu aende kumuuliza. Kuuliza si ujinga.

Citoyen Mulumba alinuna. "Na kama mwenyewe alishakufa?"

"Tutauliza mujane wake," nikamujibu.

Saa kumi na moja Mufagizi aliamka, akapita mupaka mwisho. Nafasi ikapatikana, tiketi zitatoka. Nilibusu ile karatasi, hakuna aliyeniona.

Mama ananiuliza juu ya nini leo ninaosha sufuria. Ninamuambia, bure tu. Nyuma ya ukuta bibi ya jirani anaita tena "Bernard!", na kelele ile yenye ilikuwa inanikasirisha, leo hainiudhi: aite mupaka sauti ikauke.

Mwisho wa mwezi Mama atachukua mufuko yake, atarudi na unga, na atanung'unika kama kawaida: unga iko na wadudu, maharagi ni mawe.

Anung'unike, Mama yangu. Anung'unike mupaka achoke.