Miti Iliyopakwa Rangi

Kwako Dada yangu Mkubwa, mwenye heshima zote,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikitaraji kwamba wewe, shemeji na watoto mu wazima. Huku sote tu wazima, isipokuwa subira yangu, ambayo i mahututi. Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako kuhusu Mama na msitu.

Wafahamu kwamba Mama hubandua gome la dawa ya kifua upande mmoja tu wa mti, upana wa kiganja, kisha huukandika udongo upone. Wachuuzi wa dawa walipokuja, aliwaonyesha mti wa gome jeupe, nao wakaichuna miti hiyo mzunguko mzima kama wachunao mbuzi. Kwa uchungu, niliacha viatu nilivyokuwa nikishona, nikamwandikia Bwana Misitu ombi rasmi la kuinusuru.

Bwana Misitu alilisifu ombi langu, hususan aya ya pili. Akaipaka rangi nyekundu miti yote ya gome jeupe, iwe alama ya kutoguswa, na akaagiza mingine inayoibana ikatwe. Wakataji wanaanza Jumatatu.

Nilipompelekea Mama habari hiyo njema, alicheka hadi akashika mlango. Akaniambia kuwa kalamu yangu ina mbio kuliko masikio yangu, na kwamba gome jeupe halitibu hata mafua ya kuku! Aliwapa wachuuzi mti huo makusudi, kwa kuwa haudhuru na umejaa kama magugu, ili wasiuguse wa kweli. Wa kweli ni ule mweusi uliopinda, nao umo katika miti itakayokatwa. Nilipouliza kwa nini mimi mwanawe nilifichwa, alijibu kuwa kumpa siri mwandishi wa maombi ni kuipigia ngoma sokoni. Akaongeza kuwa wewe ulifundishwa tangu usichana.

Kumbe ulijua, Dada! Nami nilikutumia nakala ya ombi lile, ukanijibu kwamba limepangika vizuri.

Sasa, tukimweleza Bwana Misitu ukweli, wachuuzi watausikia kabla jua halijatua, na mti mweusi utachunwa hadi ukauke. Tukinyamaza, utaangushwa kwa shoka. Mama asema hatamsikiliza mtu ila wewe, na anakusalimu, akiendelea kucheka.

Aliyeleta barua hii anasubiri mlangoni. Naomba uamuzi wako: niseme, au ninyamaze?

Mdogo wako mtiifu,
Fundi Viatu