Jina Lililomshinda Jonathan

Leonsia, uchumba wa Kokuberwa umekufa. Umekufa leo hii, hapa Kiseke, sebuleni kwa Masalu, kwenye ule mchezo wao wa kete wa mashujaa na mazimwi.

Si unajua mchumba wake, Jonathan, ndiye anayeongoza hadithi? Katunga mfalme anaitwa Xhyrrzothqael. Yaani Xhyrrzothqael! Watu wamekaa mchana kutwa wanafanya mazoezi ya kulitamka, ukikosea unapoteza zamu.

Koku akasema shujaa wake ataitwa Kokuberwa, jina lake mwenyewe. Jonathan akacheka. "Hilo gumu, mpenzi, litatuvunja ulimi. Weka Queen, kama ninavyokuita siku zote."

Litatuvunja ulimi! Mbele ya watu wote!

Koku akaziweka kete chini. Namjua, nikaona kumeshawaka. "Jina nililorithi kwa bibi yangu ndilo gumu, hilo lidude lako ndilo rahisi? Tangu tujuane hujawahi kuniita jina langu. Haya, niite sasa hivi."

"Acha utoto bwana, huu ni mchezo tu."

Hakumwita. Leonsia, hakumwita!

Koku akampigia baba yake Bukoba palepale. "Shikamoo baba. Waambie washenga wa Jonathan wasije." Akakata simu, akavaa viatu, akatoka.

Ndipo yule mjinga akamkimbiza hadi getini, anapiga kelele, "Kokuberwa! Kokuberwa!" Kalitamka lote, safi kabisa, hajakwama popote.

Kumbe siku zote alikuwa analiweza. Hilo ndilo lililomliza Koku.