Usije Kunitetea, Dada

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za watoto. Sisi huku tu wazima, ila mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kwa miluzi. Vipi goti lako? Unapanda ngazi sawasawa, au bado unasimama kila baada ya hatua nne na kujifanya unatafuta funguo kwenye mkoba? Na shemeji yangu, kile kikohozi kimemwachia? Niambie ukweli, usinifiche kwa sababu tu niko mbali.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni hata viatu sijavua. Unasema shemeji yako amekudokezea kwamba nimeondolewa kwenye meza ya ukaguzi niliyoikalia miaka tisa, na kwamba nafasi yangu amepewa mgeni ambaye hajatimiza hata mwaka. Unasema mwisho wa mwezi unakuja kumkalisha bosi wangu chini. Nakujua, Dada. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mbali, nami ningefurahi kukatizwa.

Sijui kama nimewahi kukueleza vizuri kazi yetu. Karakana ya miwani ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Upande wa ukutani ziko mashine za kusaga lenzi, zinamwaga maji yenye povu jeupe mchana kutwa, na kila mtu anatoka na vumbi kwenye nyusi kama amepakwa unga. Kila miwani ina trei yake ndogo na karatasi ya vipimo, jicho la kulia na jicho la kushoto. Msagaji akimaliza anatia sahihi, trei inakuja kwa mkaguzi. Mkaguzi anapima tena, analinganisha na karatasi, anatia sahihi chini yake, na miwani inakwenda kwa mwenyewe. Baada ya mkaguzi hakuna mwingine. Mkaguzi nilikuwa mimi.

Miaka mitatu iliyopita nilikosea. Sikukwambia wakati ule. Wenzangu wawili walikuwa wagonjwa, nikasaga mwenyewe na kukagua mwenyewe, na miwani ya fundi cherehani mmoja ikatoka lenzi zimebadilishana, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Yule mama aliumwa kichwa mwezi mzima. Akakata upande vitambaa vya watu, akaamini macho yake yanakufa. Kosa lilipogunduliwa alicheka kwa kufarijika, akachukua miwani mpya, akaenda zake. Mimi sikwenda popote. Nilichukua ile karatasi yake ya vipimo nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu, ili kila asubuhi nikichukua koti la kazi niisome. Nikaacha kula na wenzangu. Chakula cha mchana nikawa nakila mezani, huku napima. Na maneno niliyokuwa najiambia moyoni, Dada, yangeniaibisha kama ningemtamkia mbwa aliyeiba nyama.

Basi mwaka huu akaja Mama Pacha. Ni mwanamke wa rika langu, mnene, ana mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa basi, na pacha wake wanasoma darasa moja na mkubwa wangu. Wiki yake ya pili alisaga lenzi ya mteja aliyekuwa amesubiri mwezi mzima, akaipitiliza ikawa ndogo. Alipoiweka kwenye fremu ikacheza kama jino la mtoto. Mimi roho ilinipanda kwa niaba yake. Yeye aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamwita bosi na kumwonyesha. Kisha akajisemesha, si kwa sauti kubwa wala ndogo: "Pole, mama. Kunywa maji, uanze upya."

Alijipa pole. Kama vile unavyompa mtoto aliyejikwaa. Akaenda kwenye bomba, akanywa maji, akarudi, akaanza upya.

Nikwambie nilichohisi, maana bila hicho barua hii haina maana. Nilimwonea wivu. Si wivu wa sura wala wa mume. Huo ningeumudu. Ulikuwa wivu wa mtu mwenye njaa anayemtazama mwenzake akila polepole. Kila alipokosea, na hakuwa akikosea zaidi ya wengine, nilitega sikio nisikie atajiambia nini, na kila mara ilikuwa pole, pole mama, tazama tena. Nilijiuliza amepata wapi ruhusa hiyo. Mimi mwenye miaka tisa bila doa isipokuwa moja, sijawahi kupewa. Haikunijia akilini kwamba hakuna anayeitoa.

Nikaanza kumwigiza. Akitoka chumbani nasema kwa sauti yake nzito, pole mama, kunywa maji, na wenzangu wanacheka mpaka mashine zinasahauliwa. Siku moja alirudi katikati ya kicheko. Akacheka na yeye, akasema namwigiza vizuri ila nipunguze pua. Nilimchukia wiki nzima kwa hilo.

Halafu bosi akaniita. Akasema anafikiria kumweka Mama Pacha pamoja nami kwenye meza ya ukaguzi, kwa sababu ana tabia ya kusema makosa yake mapema kabla hayajamfikia mtu, na ili na mimi niweze kwenda kula kama watu. Alisema kwa wema. Mimi nilisikia kwamba nimechakaa. Nilirudi mezani nikavuta trei iliyofuata.

Siku tatu baadaye ikatoka miwani ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, anayeishi na binti yake. Alivaa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anashuka ngazi za uani na beseni la nguo, akadhani ngazi zimekwisha na bado ilibaki moja. Akaanguka, akavunjika mkono wa kushoto juu kidogo ya kiganja. Binti yake ndiye aliyetuletea miwani, ameifunga kwenye leso. Bosi akaipima mbele yetu wote. Lenzi zilikuwa zimebadilishana, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Kwenye karatasi msagaji alikuwa Mama Pacha, na chini yake sahihi ya mkaguzi, yangu.

Mama Pacha alilia. Alikwenda kwenye chumba cha kuoshea trei akalia kwa sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama mlangoni kama mtu aliyelipa kiingilio. Nilisema moyoni, sasa tutaona hiyo pole yako. Alipomaliza alinawa uso, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Alirudi saa tisa. Macho yamevimba, ila akavaa koti na kuwasha mashine. Mwenzetu mmoja akamuuliza anawezaje kufanya kazi siku kama ile. Akajibu kwamba amekosa, na mtu ameumia, na hilo hawezi kulifuta. "Lakini hata nikijipiga mpaka jioni, mkono wake hautapona. Bora nimsagie miwani nyingine, na hii niipime mara kumi."

Bosi hakunigombeza. Alisema macho ya binadamu huchoka, na mimi nimekagua maelfu. Na jioni, wakati wa kufunga, Mama Pacha aliniletea kikombe cha chai, akakaa pembeni ya meza yangu. Akasema anajua nitajila mwenyewe, maana ameona ile karatasi kwenye kabati langu. Akasema nisijimalize, tulikuwa wawili na wote tulichoka.

Dada, mimi sikuchoka. Niliiona.

Hapa ndipo nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo wa barua. Asubuhi ile trei yake iliponifikia niliweka lenzi ya kwanza kwenye kipimo na namba zikanijia za jicho jingine. Nikapima ya pili. Nikarudia zote mbili. Lilikuwa kosa langu lilelile la miaka mitatu iliyopita, limekaa kwenye trei ya mtu mwingine. Kazi yangu ilikuwa kunyanyua mkono tu, kumwita, naye angesema pole mama na kuanza upya. Na hilo ndilo sikutaka kulisikia tena. Nilijiambia ni kichwa kitamuuma mteja siku chache, atairudisha, hakuna kubwa. Nilitaka Mama Pacha naye abandike karatasi kwenye kabati lake. Nikachukua kalamu nikatia sahihi. Niliitia vizuri sana, bila haraka.

Nilikaa na jambo hilo siku nne. Sikula, nikajitukana kutwa, na niliona kama nalipa. Siku ya nne nilikuwa naosha vyombo, shemeji yako akaniuliza nina nini, nikamjibu kwamba mimi ni mtu mbaya. Akasema, "Hilo umelisema miaka mitatu. Umefanya nini?" Aliuliza kwa maana ya kawaida tu, kama mtu anayetaka kujua kilichotokea. Niliona kwamba kule kujipiga kote hakujawahi kumsaidia yeyote, si fundi cherehani wala muuguzi. Kulinifanya tu niwe mtu asiyeweza kuvumilia kumwona mwenzake ametulia. Tena kujitukana kimyakimya kulikuwa rahisi mara mia kuliko kwenda kusema.

Kesho yake nikasema, ofisini kwa bosi, Mama Pacha akiwepo. Bosi akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akaniambia ananiondoa kwenye ukaguzi, nirudi kusaga, na kila trei yangu itapita kwa Mama Pacha. Hakunifukuza. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia nusu, na nafasi hiyo, Dada, hakuninyang'anya mtu.

Mama Pacha hakunikumbatia, usije ukadhani. Alinitazama kama anayesoma namba ndogo. "Kosa la kubadilisha lenzi ni langu, nimelibeba," akasema. "Hili jingine ni lako, sitakusaidia kulibeba. Ila usije kulibebea pale kwenye mashine ukawa unalia juu ya lenzi za watu." Kisha akatoka. Wiki mbili hakunisemesha zaidi ya neno la kazi, na alikuwa na haki.

Kwa yule muuguzi nilikwenda Jumamosi. Nilimweleza yote nimesimama, mkono wake uko kwenye plasta mbele yangu. Alikasirika, akanitaka niondoke. Nilipofika getini akaniita. Akasema yeye ameuguza watu miaka thelathini na anawajua wanaokuja kuomba radhi ili wapate wao nafuu. "Ukija kulia, usije," akasema. "Ukija kufua, njoo." Basi nakwenda kila Jumamosi. Nafua, naanika, yeye anakaa kwenye kiti na kuniambia shuka sijazikamua vizuri. Wiki iliyopita walimtoa plasta. Nilidhani ataniambia basi. Akaniambia Jumamosi ijayo nije na sabuni nyingine, ile ina harufu ya hospitali.

Karatasi ya fundi cherehani nimeibandua. Sikuichoma wala kuifanyia sherehe. Niliiweka kwenye faili inakokaa na nyingine.

Na juzi nimeharibu lenzi. Niliisaga ikapitiliza, ikawa ndogo, ikacheza kwenye fremu. Yale maneno ya zamani yakajipanga mdomoni, yote, nayajua kwa moyo. Nikasimamisha mashine. Nikajiambia pole. Neno lenyewe lilitoka vibaya, kama mtu anayejifunza lugha ya wenyewe, na nilijisikia mjinga. Nikakaa kidogo, nikasema tena. Kisha nikaipeleka lenzi kwa Mama Pacha kabla hajaiona, nikamwambia nimeiharibu. Akaipokea, akaitazama kwenye mwanga, akaiandika daftarini. Hakunisifu. Alisogeza kwa kiwiko sanduku la lenzi mpya hadi upande wangu, akaendelea na kazi yake.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Bado namwangalia anavyokwenda kwenye bomba na kurudi uso umetulia. Yeye hujipa pole kama anayepumua, mimi lazima nisimamishe mashine kwanza. Lakini sasa huwa naisimamisha.

Kwa hiyo usije kumkalisha mtu chini, Dada. Njoo kututembelea, goti likiruhusu, ulale kitanda cha mkubwa. Nipe muda wa kuzoea kwamba unajua. Kama umekasirika, kasirika, ila uniandikie hivyo hivyo.

Msalimie shemeji yangu, mwambie anywe dawa mpaka iishe, asiache akijisikia nafuu. Wabusu watoto wote, hata yule mkubwa anayejifanya hataki. Huku wanakusalimia, na mdogo anakupigia mluzi.

Ni mimi mdogo wako,
msagaji wa lenzi.